Maji ya Saba

Limi alinivalisha miwani mikubwa ya rangi ya chungwa, akaniambia nisiivue hata ikinibana, halafu akabonyeza kitufe. Mbele yetu kulikuwa na kisanduku cha chuma, ndani yake glasi ya maji, na chini ya glasi kipande cha fedha, fedha hii hii ya pete na bangili, kisichozidi ukucha wangu wa dole gumba. Mashine ikaanza kulia tik, tik, tik, na kila ilipolia mwanga wa leza ulikigonga kile kipande, na kitu kama moshi mwembamba kikapanda majini. Baadaye akazima, nikavua miwani, nikaona maji yamekuwa ya manjano kama chai iliyokosa majani. "Hiyo manjano ndiyo fedha yenyewe, mama," akasema. "Leza imeibandua chembe chembe, ndogo kiasi kwamba unywele wako ukiulaza kando ya chembe moja, unywele ni gogo." Maji hayo anachovya vitambaa vya pamba, anavikausha, anapata vitambaa vya kufungia vidonda vya moto, vya bei ambayo hata zahanati ya kijijini itaimudu, kwa sababu havitaki kemikali za kuagiza ng'ambo. Fedha kidogo, maji safi, pamba. Nilimtazama anavyoeleza, nikaliona taya la baba yake, Dakta Ngusa, ambaye nilifanya naye kazi Bariadi na ambaye sasa ni marehemu. Mara ya mwisho kumwona Limi alikuwa mgongoni mwa mama yake. Alinitafuta mwenyewe, akaniita hadi chuoni kwake Dar es Salaam, eti baba yake alimsimulia kwamba Nesi Kabula ndiye aliyetengeneza pamba ya vidonda kabla yeye hajazaliwa.

Nilikuwa nimejaa majivuno, nisidanganye. Nikamuuliza kwa nini maji yawe safi namna hiyo, kama yale maji ya betri tuliyotumia sisi. Badala ya kunijibu akachukua chumvi kidogo kwa ncha ya kijiko, akaitia kwenye yale maji ya manjano, akayatikisa. Yakafifia mbele ya macho yangu, yakawa ya kijivu kama maji ya kuoshea sufuria. "Chumvi, magadi, hata maji ya kisima," akasema. "Vikiingia, fedha inashikana, inalala chini, imekuwa takataka. Hata ile dawa yenu ya fedha ya zamani ilikuwa na shida hiyo hiyo, tena yenyewe ikikutana na chumvi inageuka nyeupe kama maziwa, na nguvu imekwisha." Nikamuuliza, "Kama maziwa?" Akasema, "Kabisa, mama, nyeupe pee." Nikamwomba ruhusa, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za jengo lao, na wanafunzi wakawa wananiruka kupita. Kule Migato yuko mzee anaitwa Maduhu. Mkewe, Minza, alifia mikononi mwangu, na tangu siku hiyo sikuwahi kujua sawasawa kwa nini. Pale ngazini nilijua. Nilijua pia kwamba itanibidi niende nikamwambie, na kwamba kwenda sitaki.

Nilizaliwa wapi na nililelewa na nani si habari ya hapa. Ninachotaka kusimulia ni mwaka ule mmoja, katikati ya miaka ya tisini, mwaka ambao wanunuzi binafsi walikuja kununua pamba kwetu na chama cha ushirika kikabaki na maghala yenye popo. Soko huria, waliita. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nesi katika hospitali ndogo ya misheni nje kidogo ya mji wa Bariadi. Mjini kila kitu kilikuwepo: redio za kaseti, soda za kila rangi, kandambili za plastiki zimening'inizwa milangoni, na maduka ya dawa ya watu binafsi yenye vioo, ndani yake bandeji na gozi nyeupe zimepangwa vizuri. Kwetu hospitalini hapakuwa na hata kipande. Zamani gozi zilikuja kwenye maboksi kutoka serikalini, siku hizo ukiuliza unaambiwa wagonjwa wachangie, na wagonjwa wetu walikuwa wanachangia kuku. Chumba changu cha kufungia vidonda kilikuwa na meza ya bati, jiko la mchina lililotoa moshi, dirisha lenye wavu uliotoboka, na kabati ambalo nikilifungua lilikuwa tupu mpaka nikaacha kulifungua. Tulikuwa tunafua bandeji iliyotoka kwa mtu mmoja tunamfunga mwingine. Nasema hili bila aibu. Aibu ziko kwa wengine.

Minza aliletwa kwa baiskeli, mumewe akisukuma, yeye amekaa nyuma kwenye kiti cha mzigo ameshika tandiko kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameuinua hewani kama mtu anayeomba ruhusa darasani. Alikuwa amejaza mafuta ya taa kwenye kibatari, na mafuta yenyewe muuzaji alikuwa ameyachanganya na petroli ili yawe mengi. Kibatari kililipuka. Shingo, kifua na mkono wa kulia vilikuwa vimeungua, na kutoka Migato hadi kwetu alikuja na jua la siku nzima. Umri wangu kabisa. Nilipoanza kumbandua kanga iliyogandia kifuani, nikitarajia mayowe, alinikazia macho akasema, "Nesi, unanifungua au unanichuna? Sema nijue, maana mimi si mbuzi." Nikacheka. Maduhu alisimama mlangoni, kijana mrefu mwenye miguu ya vumbi, akasema, "Mwadila, mayu," akanisalimu kana kwamba tumekutana gulioni, kisha akachuchumaa hapo hapo akaanza kulia bila sauti. Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, wamemwacha kwa bibi. Minza alikuwa anamtaja kila saa. Alikuwa anataka jambo moja tu, apone arudi kwa mwanawe, na mimi nilimwahidi. Nesi hapaswi kuahidi. Nilimwahidi.

Dakta Ngusa, ambaye kwa vyeti alikuwa tabibu tu lakini hakuna aliyethubutu kumwita hivyo, alizunguka kitanda cha Minza mara mbili akasema, "Pamba imetuzunguka pande zote, Kabula. Tutakosaje pamba ya kumfunga mtu?" Nyuma ya kanisa palikuwa na shamba la parokia, tukachuma kikapu, tukachambua mbegu kwa vidole, nikachemsha zile nyuzi, nikazitia kwenye beseni la maji nione zinavyonyonya. Zikaelea. Nikazikandamiza chini, nikaachia, zikapanda juu kavu kama zilivyokuwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba pamba ya shambani ina mafuta yake ya asili, haitaki maji kabisa, na pamba isiyonyonya ukiiweka juu ya kidonda cha moto unakuwa umeufunika uchafu uchachuke. Nilikaa kwenye kiti nikaona kazi imenishinda. Aliyetuokoa alikuwa Mzee Shija, dobi wa hospitali, mtu mfupi asiye na meno ya mbele, aliyekuwa amesimama dirishani akitafuna michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa. "Nguo ya fundi baiskeli huwa naitoa mafuta kwa nini?" akaniuliza. "Kwa magadi. Hiyo nayo ina mafuta. Usiiogope." Basi tukawasha moto nyuma ya chumba cha kufulia, tukaweka pipa, tukachemsha pamba kwenye magadi tangu asubuhi hadi watu wanatoka kula, maji yakawa ya kahawia kama uji wa ulezi. Kisha tukaanza kusuuza. Shija alikuwa na sheria yake na hakutaka mjadala: maji saba. Unasuuza, unamwaga, unatia mengine, mara saba, na yale maji ya saba unayachota kwa kiganja unayaonja. "Ukisikia ladha yoyote," alisema, "hata iwe ndogo namna gani, rudi ukachote mengine. Ulimi haudanganyi kama jicho." Nikaonja. Hayakuwa na ladha. Tukakausha pamba juani, nikatupa kitonge kwenye beseni, kikazama papo hapo. Mzee wa watu alipiga kelele, "Heee!" mpaka wagonjwa wa wodi ya wanaume wakachungulia madirishani.

Ndani ya stoo Dakta alikuwa na chupa ya kahawia ya dawa ya fedha, chenga chenga nyeupe za tangu enzi ya mapadri wa kwanza, chupa moja tu, na alikuwa anajua kwamba ikichanganywa nyepesi inazuia kidonda cha moto kuoza. Maji ya kuichanganyia tulinunua kwa fundi magari, maji ya betri, maana ndiyo pekee mjini yaliyochujwa kwa mvuke. Fundi alitaka kujua hospitali imenunua gari lini. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: chini kipande cha shuka kuukuu kilichochemshwa, juu yake pamba yetu, halafu unamwagia dawa mpaka ilowe chapachapa, na kila baada ya saa chache unalowesha tena. Dawa ile ilikuwa inaacha weusi kila inapogusa. Shuka zikawa nyeusi, kuta zikawa na madoa meusi, vidole vyangu vikawa vyeusi vya kutisha, nikienda sokoni wauzaji wa nyanya wananiuliza nimegusa nini. Lakini kidonda kilianza kuitikia. Harufu ikapungua. Pembeni ikaanza kuonekana nyama nyekundu, safi, ile ambayo nesi akiiona anaweza kuimba. Minza naye aliiona kwenye uso wangu kabla sijasema. "Unacheka peke yako kama mtu aliyeona posa," akaniambia. "Nitarudi lini kwangu?" Nikamwambia, "Pamba ikianza kupakiwa kwenye malori utakuwa unakaa mwenyewe kitandani." Akasema, "Nikikaa tu nitapanda hilo hilo lori." Sijawahi kuwa na furaha ya kazi kama ya majuma yale matatu. Nimestaafu, nimepewa vyeti na kanga, na bado nasema hivyo.

Mchana nilikuwa nakula jikoni kwa ndugu wa wagonjwa, kibanda cha bati chenye mafiga sita, kwa sababu chakula chao kilikuwa kizuri kuliko cha kwetu. Ugali wa mtama, nsansa ya majani ya kunde iliyopikwa na karanga, na siku njema maziwa ya mgando. Mikono ya wanawake ilikuwa haitulii, kila mmoja ana rundo la pamba mapajani anaichambua mbegu kwa ajili ya pipa letu, na midomo inafanya kazi ya pili. Habari za mwaka ule zilikuwa moja, wanunuzi. Zamani, walisema, karani wa ushirika alikuwa anatia mkono ndani ya gunia mpaka kwapani, anatenga pamba safi na pamba fifi, akikuta unyevu anakurudisha nyumbani mbele ya watu. Hawa wa sasa wanagombania magunia barabarani, hakuna anayetia mkono, lori linataka kujaa liondoke kabla la mwenzake. "Basi na sisi tukaamka," alisema mama mmoja wa Shishiyu, aliyekuwa anauguza mkwe. "Unachanganya chumvi kwenye ndoo, unanyunyiza pamba, unaifunga. Chumvi inaita unyevu wenyewe. Gunia linakuwa zito kama mwanamke wa miezi tisa." Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Mwingine akajibu, "Mizani yao inatuibia, nasi tunaibia mizani, tatizo liko wapi?" Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na tonge mkononi, nikacheka nao, nikaongeza mboga. Nimejiuliza mara ngapi jambo hili, kwamba niliambiwa waziwazi, mchana kweupe, nami nikameza tonge langu.

Pamba ya parokia iliisha mwezi wa nane. Siku hizo mto ulikuwa umekauka, wanawake wanachimba mchangani, ndoo moja inachukua asubuhi nzima kujaa, na kisima chetu kilitoa maji mazito ambayo hata chai yake ilikuwa na chumvichumvi. Dawa ya fedha nayo ilikuwa imebaki ya kuchanganya mara moja ya mwisho, na Dakta alikuwa amesafiri Shinyanga kuomba nyingine kwa maaskofu na kwa yeyote mwenye masikio. Ndipo Maduhu alipokuja na gunia. Alikuwa amelileta kwa baiskeli ile ile kutoka Migato, amelifunga kwa kamba za mpira wa tairi, amelowa jasho. Akalishusha mbele ya chumba changu kwa mikono miwili kama anayeshusha mtoto mchanga, akasema, "Nesi, nimesikia pamba imekwisha. Hii ni ya shamba letu, tulilima naye. Ndiyo nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo, nilikuwa nimeiweka tayari kwa mnunuzi. Chukua yote." Nikamshukuru, "Wabeja, bhabha, wabeja sana." Nilitia mkono juu juu, nikaiona ndefu, nyeupe. Ilikuwa nzito. Nikasema moyoni, kijana huyu anampenda mkewe.

Mzee Shija hakuwepo, alikuwa Maswa kwenye msiba wa shemeji yake. Nilichemsha mwenyewe. Ilipofika kusuuza, nikatazama mapipa, nikaona maji yaliyobaki ni ya wodi nzima kwa siku mbili, na mle wodini walikuwemo wanawake wawili waliojifungua asubuhi. Nikasuuza mara moja kwa maji ya kisima. Nikakamua. Nikaishika mkononi, nikaiona laini, nikaitupa beseni ikazama, nikajiambia inatosha, mengine ni maringo ya dobi. Sikuonja. Nataka lieleweke vizuri: kiganja kilikuwa kimelowa, mdomo ulikuwa hapa hapa, na sikuonja. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nalala kwenye kiti, na Minza alikuwa ananisubiri nimbadilishie. Niliweka pamba juu ya kifua chake, nikamwaga dawa ya mwisho. Ikageuka nyeupe. Ilitiririka kwenye nyuzi kama maziwa, na mimi, mwenye cheti cha uuguzi, nikajisemea, leo dawa imekolea. Siku ya pili nikafurahi zaidi nilipoona shuka zimebaki safi na vidole vyangu vimeanza kurudia rangi yake. Nilimwonyesha Minza mikono yangu. "Sasa utapata mchumba," akaniambia.

Siku ya tatu harufu ilirudi. Nilipofunua pamba kulikuwa na ukijani chini yake, mbichi, unaong'aa, na ile nyama nyekundu niliyokuwa naiimbia ilikuwa imekuwa ya kijivu. Nilifunika haraka nikasimama nimeshika meza. Nilimchoma penisilini iliyokuwepo, nikamwosha kwa maji ya chumvi, nikampaka jivii, ile dawa ya zambarau ya vidonda, nikakimbia mjini hadi kwenye duka lile la vioo nikamwomba mwenye duka bandeji kwa machozi yangu mwenyewe, na Mungu ambariki, alinipa roli mbili akanifukuza nisimwaibishe mbele ya wateja. Hazikufaa kitu. Homa ilimpanda ikakataa kushuka. Alianza kuongea na mwanawe kwa Kisukuma, anamwambia asiende karibu na moto, anamwambia ng'ombe wamerudi, anamwambia njoo ule. Katikati ya maneno hayo alikuwa anazinduka ananitazama akiwa na akili zake zote, na hapo ndipo nilipokuwa nataka ardhi inimeze. "Nesi," aliniuliza, "mbona hucheki tena?" Nikamwambia nimechoka tu. Akasema, "Pumzika basi. Mimi nipo." Alifariki asubuhi ya siku ya sita, saa ambayo wanawake walikuwa wanapita dirishani na ndoo. Nililia mpaka msimamizi wa wodi akanitoa nje, akaniambia wagonjwa wananiona.

Maduhu alipokuja kuchukua mwili, alisimama mlangoni pale pale alipokuwa amechuchumaa siku ya kwanza. Hakulia. Aliniuliza jambo moja. "Nesi, ile pamba yangu ilimsaidia?" Nikamjibu, "Ilimsaidia sana, bhabha." Alitikisa kichwa taratibu, akashukuru, akaondoka na mkokoteni wa ng'ombe wa jirani. Nilidhani ndiyo mwisho wake. Msimu uliofuata nikamwona tena getini na gunia kwenye baiskeli. Akalishusha, akasema wagonjwa wengine wasikose, halafu akainamisha macho akaongeza, "Hii sikuitia chumvi." Nikamwambia vizuri, nikaita watu walipeleke stoo. Mwaka baada ya mwaka alileta, mpaka bandeji za bei nafuu zilipoanza kupatikana na Dakta akamwambia apumzike, na kila mara alitamka maneno yale yale. Sikuwahi kumuuliza. Nilidhani anajisifu uaminifu. Mimi wakati wote nilijilaumu kwa mengine, kwa jiko, kwa shuka, kwa nzi, kwa usingizi wangu. Mpaka yule binti wa Dakta akachovya kijiko chake.

Ningeweza kunyamaza. Niliporudi Bariadi nilikaa mwezi mzima nikijishauri hivyo. Nilimpigia Limi nikamuuliza: kama pamba ilikuwa na chumvi ya mkulima, na juu yake ikawa na magadi yasiyosuuzwa na maji ya kisima, ni kipi kilichoua dawa? Akafikiri. Akasema, "Mama, chochote kati ya hivyo kingetosha. Hakuna mtu duniani anayeweza kukutenganishia sasa." Akaniuliza kwa nini nataka kujua. Nikamwambia ni udadisi wa kizee. Kisha nikavaa viatu nikaenda Migato.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda kivulini mwa nyumba yake, mzee mwembamba, jicho moja limeingia mtoto wa jicho. Alinitambua kwa sauti. "Mwadila, nesi wangu," akasema, akacheka, akaamuru niletewe chakula. Mkwewe, mke wa yule mtoto aliyekuwa ameachwa kwa bibi, alitandika mkeka, akaleta ugali na nsansa katika mabakuli mawili, moja mbele yangu na moja mbele ya mzee. Nami kwa tamaa zangu nikachovya kwenye la mzee, lililokuwa karibu. Mboga haikuwa na ladha yoyote. Mama wa watu akaona uso wangu, akaninong'oneza kwa aibu, "Samahani, mama, hilo ni la baba. Baba hali chumvi. Tangu naolewa hapa nampikia chungu chake." Nikamuuliza kama ni presha. Akasema hapana, hawajui ni nini, hajawahi kusema. Mzee Maduhu alikuwa amesikia. Alimtuma mkwewe kisimani, akangoja mpaka hatua zake zikaisha, akaniuliza bila kunitazama, "Nesi, wewe ni mtu wa dawa. Niambie ukweli nife nikiujua. Ilikuwa ile chumvi?"

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu yote, leza, chembe, maziwa. Nikayaacha yote. "Hapana, bhabha," nikamwambia. "Pamba huwa inasuuzwa mara saba, halafu nesi anaonja maji. Ukisuuza hivyo, hata ungetia gunia zima la chumvi, ingetoka. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilisuuza mara moja, sikuonja. Ni mimi." Kuku akapita katikati yetu akadonoa ugali wake asimfukuze. Kisha akalisukuma bakuli kando. "Siku ile nilikuuliza," akasema. Nikamjibu, "Uliniuliza." "Ukaniambia ilimsaidia." "Nilikuambia hivyo. Niliogopa." Akanyanyuka kwa fimbo, akainama akaokota mkoba wangu kwenye mkeka, akanisukumia kifuani. "Miaka yote hii," alisema, na sauti ikapanda mpaka watoto wa jirani wakaacha kucheza. "Miaka yote hii nimekaa nikijua nimemuua mke wangu kwa mkono huu! Na wewe ulikuwepo Bariadi, unakula, unalala! Toka kwangu. Toka, nisikuone hapa hata siku ya kunizika!"

Sikujitetea. Nilichukua mkoba nikatoka. Machozi yalinitoka mbele za watu bila haya, lakini nilikuwa nimeusikia ule ukali wake, na nilikuwa naomba Mungu usipungue. Njiani nilikutana na mkwewe anarudi na ndoo kichwani. Aliposikia makelele kule nyuma akasimama, maji yakamwagikia bega. "Mama, kuna nini? Umemwambia nini baba?" Nikamwambia asiogope, aende haraka. Nikamwambia kuanzia leo ampikie baba chungu kimoja na watu wengine.